Namna ya Kunasa Makosa Kwenye Filamu ya Zamani: Somo Kutoka Daftari Langu

Mvua inanyesha kwenye kituo cha treni cha Paris. Rick amesimama kwenye jukwaa, koti limelowa chapachapa, mkononi ana barua ambayo wino wake unachuruzika kwa matone. Treni inaanza kuondoka. Anapanda behewa, na koti lile lile, sekunde chache baadaye, ni kavu.

Nilikuwa na miaka 19 nilipoliona hilo, kwenye televisheni ya Mama huko Umoja. Nilirudisha nyuma mara nne kwa sababu sikuamini macho yangu. Filamu ilikuwa Casablanca ya mwaka 1942, na wakati huo sikujua kwamba kuna mtu anayelipwa kuhakikisha koti lililolowa linabaki limelowa. Leo hiyo ndiyo kazi yangu. Kwa miaka tisa nimeshika daftari la mwendelezo kwenye michezo ya televisheni na filamu fupi zinazopigwa hapa Nairobi. Nakaa kando ya kamera na kuandika kikombe kilikuwa mkono gani, shati lilifungwa vifungo vingapi, mwigizaji aliketi kabla ya kutamka neno lipi.

Watu wengi huniomba niwafundishe kuona ninavyoona. Hivi ndivyo ninavyowafundisha.

Tazama mara tatu

Mara ya kwanza itazame kama mgeni aliyealikwa chakula. Usishike kalamu. Sikiliza hadithi, ucheke, ulie ikibidi. Filamu ambayo haijakugusa huwezi kuikagua vizuri, kwa sababu hujui ilikushika wapi, na makosa mengi hukaa palepale iliposhika. Watu hutazama koti la Rick miaka nenda miaka rudi wasione lolote, maana macho yao yako kwa mtu aliyeachwa na mpenzi wake.

Mara ya pili, kalamu mkononi na kidole kwenye remoti. Simamisha kila unapohisi kitu kimegeuka. Usingoje uhakika, andika shaka yako uendelee.

Mara ya tatu zima sauti kabisa. Hapa ndipo penye mavuno. Sauti ya mwigizaji huyavuta macho yako usoni pake, na usoni ndipo makosa yalipo machache. Sauti ikizimwa, jicho linaanza kutembea: linaenda kwenye mikono, glasi, kola, saa ya ukutani, mtu anayepita nyuma ya dirisha. Mimi huifanya usiku watu wakishalala, kuanzia saa nne hivi, taa zikiwa zimezimwa ili balbu isimulike kwenye skrini.

Daftari

La kurasa 96 linatosha. Chora safu tano: muda kwa saa, dakika na sekunde, hali kabla ya mkato (pale picha moja inapoishia na nyingine kuanza), hali baada ya mkato, aina ya kosa, na uhakika wako, kuanzia 1 hadi 3.

Kwenye ukurasa wa kwanza andika unatazama nakala gani. Wengi hulipuuza hili, kisha hubishana bure. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, lakini nakala zilizotengenezewa televisheni za mfumo wa PAL, mfumo tuliotumia Kenya kwa miaka mingi, huenda kwa picha 25. Filamu inakimbia kidogo. Casablanca ina dakika 102, ila kwa mwendo huo inaisha kwenye dakika ya 98 hivi. Mwenye kanda ya zamani na mwenye nakala ya intaneti wakiandika ni dakika gani koti lilikauka, hawatakutana, na wote wawili watakuwa sahihi.

Angalia pia kingo za picha. Nakala nyingine zimekatwa pembeni ili zijaze skrini, hivyo kosa lililokuwa ukingoni halionekani tena. Nyingine zimefunguliwa juu na chini kuliko mwongozaji alivyokusudia, na ghafla maikrofoni inaning'inia juu ya kichwa cha bibi harusi. Hilo ni kosa la aliyetengeneza nakala. Usimbebeshe mwongozaji.

Na jambo moja zaidi, ambalo nililijua kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili kazini tulipiga tukio la familia mezani. Mwigizaji aliuma chapati, tukasimama kwa chakula cha mchana, tukarudi. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika "imeumwa upande wa kushoto." Kushoto kwa nani? Kwake, au kwa kamera? Sikuwa nimeandika. Nilibahatisha, nikakosea, na kwenye filamu iliyokamilika alama ya kuumwa kwenye chapati ile inahama upande mara tatu katika mazungumzo ya dakika moja. Tangu siku hiyo naandika "kushoto kwa kamera" hata pale ambapo maana iko wazi. Nawe fanya hivyo. Unapoandika kuhusu picha, kulia na kushoto ni kwa mtazamaji, siku zote.

Kosa linazaliwa wapi

Ukijua kosa linavyozaliwa utajua pa kulitafuta. Filamu haipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Watu wawili wanaozungumza mezani hupigwa kwanza kwa pamoja, kisha kamera inamgeukia mmoja kwa saa nzima au mbili, taa zinahamishwa, kisha inamgeukia mwingine. Unachokiona kama mazungumzo ya dakika mbili kimetengenezwa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa mchana. Ndani ya saa hizo chai imepoa, imemwagwa, imemiminwa upya. Mwigizaji ametoa jasho na kupakwa poda. Jua limehama kutoka dirisha moja kwenda jingine.

Kwa hiyo kosa huishi kwenye mkato. Ukitaka kulinasa, jizoeze kuiona mikato yenyewe. Chagua tukio la watu wawili na upige meza kwa kidole kila picha inapobadilika. Fanya hivyo dakika tano tu. Baada ya hapo kila mkato utakuwa kama mlango unaofunguliwa, nawe utaanza kuuliza ni nini kimebadilika chumbani mlango ulipokuwa umefungwa.

Usidhani pia kwamba kila kosa liliponyoka bila kuonwa. Mara nyingi sisi tumeliona, tumeliandika, tumemwambia mhariri, naye amelichagua kwa makusudi. Mhariri wa Marekani Walter Murch aliwahi kupima sababu za kukata picha kwa asilimia: hisia akaipa 51, hadithi 23, mdundo 10, na ulinganifu wa mahali watu na vitu walipo katika chumba akaupa 4. Nikiwa mpya nilidhani ananidharau. Sasa naona yuko sawa. Mwigizaji akilia kweli mara moja tu kati ya mara nane, picha hiyo ndiyo itakayotumika, hata kama glasi imejaa pale ambapo ilipaswa kuwa nusu.

Vitu vya kufuatilia

Fuata kila kitu kinachopungua. Kinywaji kinapungua, mshumaa unapungua, sigara inapungua, chakula kinapungua. Hizo ni saa zilizo ndani ya picha, na haziwezi kurudi nyuma bila mtu kuzirudisha. Filamu za miaka ya 1940 ni hazina hapa kwa sababu karibu kila mtu anavuta sigara. Chagua sigara moja uifuate, urefu wa majivu kwa kila mkato.

Kisha nguo: kola iliyosimama na kola iliyolala, mkono wa shati uliokunjwa mara mbili na uliokunjwa mara tatu, kifungo, tai, fundo la kanga. Nywele juu ya sikio na nyuma ya sikio. Pete. Nakuomba usianze na nywele ingawa ndizo rahisi. Upepo huzihamisha kweli, na nusu ya makosa ya nywele niliyoletewa na wanafunzi wangu hayakuwa makosa.

Kivuli ndicho kipenzi changu, hasa kwa filamu zinazosema ziko Afrika Mashariki. Nairobi iko nyuzi 1 na kidogo kusini mwa ikweta. Saa sita mchana kivuli chako karibu unakikanyaga. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika kumi, mwaka mzima, na giza huingia haraka. Ukiona wapenzi wanaoambiwa wako Kenya wakitembea kwenye mwanga wa dhahabu wa machweo kwa mazungumzo ya dakika kumi, bila anga kubadilika, jua kwamba walipigwa kwa siku kadhaa jioni, kila siku vipande vichache.

Tazama mwezi pia. Mwezi mwandamo wetu hulala chali kama mtumbwi. Wa Ulaya na Marekani husimama zaidi ubavu, kama mundu uliotundikwa. Filamu inayodai ni usiku wa Nairobi kisha inakuonyesha mundu uliosimama wima imeazima mwezi wa kwingine. Jambo hili mtazamaji wa London halioni, ila mtoto wa Kayole anayepanda darini jioni kuanua nguo huliona kila mwezi.

Na usiku wenye vivuli vikali, chini ya kila mti na kila kofia? Huo ni mchana uliotiwa giza kwa kichujio. Waliopiga filamu zamani walifanya hivyo kwa sababu kumulika uwanda mzima usiku ni gharama kubwa. Uandike, ila kwenye ukurasa wa mbinu. Si kosa.

Jiulize kama inawezekana

Kabla ya kupandisha uhakika wako hadi 3, jaribu kuitetea filamu. Jitahidi kweli, kama wakili. Je, kati ya picha hizi mbili kuna muda ambao hatukuuona? Je, mtu angeweza kuweka kikombe chini kamera ilipokuwa kwa mwenzake? Kama kulikuwa na sekunde sita na kikombe kinahitaji sekunde moja, nyamaza. Koti la Rick halina utetezi: hakuna sekunde za kukausha gunia la mvua kati ya jukwaa na ngazi ya behewa.

Makosa ya ukweli

Hili ni jambo jingine kabisa. Kwenye mwendelezo filamu inajipinga yenyewe. Kwenye ukweli inapinga dunia. Jicho lako halitoshi hapa, unahitaji tarehe.

Turudi Casablanca. Kapteni Renault, Mfaransa, anasema ofisini kwake kwamba alikuwa pamoja na Wamarekani walipoingia Berlin mwaka 1918. Wamarekani hawakuingia Berlin mwaka 1918. Makubaliano ya kusitisha vita yalitiwa saini tarehe 11 Novemba 1918 kwenye behewa la treni katika msitu wa Compiègne, Ufaransa, na majeshi yaliyoshinda yakaenda kushika eneo la mto Rhine, mbali na Berlin.

Kuna watakaokuambia: Renault ni mwongo, tabia yake ni ya kujigamba, basi kosa ni la mhusika, si la mwandishi. Hoja hiyo ni nzuri na lazima uipime. Mimi naipima hivi: ni nani mwingine yupo ofisini? Yupo Meja Strasser, afisa wa Kijerumani. Mjerumani wa jeshi anaambiwa usoni kwamba mji wake mkuu uliingiwa na Wamarekani, jambo ambalo halikutokea, naye hapingi. Mhusika akidanganya, mwandishi mwangalifu humpa msikilizaji anayejua ukweli japo mtikisiko wa kichwa. Hapa hakuna. Nimeliandika kuwa kosa la mwandishi, uhakika 3.

Renault huyo huyo, Rick anapomwambia amekuja Casablanca kwa ajili ya maji ya tiba, anamjibu kwamba hapa ni jangwani. Casablanca ni bandari kwenye bahari ya Atlantiki. Lakini mazungumzo yale ni ya utani, na utani hauchomoki bila kulivunja tukio. Nimeliweka kwenye orodha ya pili, ile ya mambo yasiyo kweli ambayo filamu inayahitaji. Unaweza kutokubaliana nami. La msingi ni uwe na orodha mbili, kwa sababu kutupa kila kitu kapu moja ndiko kunakowafanya watu waone kazi hii kuwa ya kutafuta ubaya.

Orodha ya tatu ni ya mambo yaliyoachwa. Nitaifikia.

Filamu iliyopigwa hapa kwetu

Sasa chukua Out of Africa ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Sydney Pollack na kushinda tuzo 7 za Oscar. Ina dakika 161, kwa hiyo igawe kwa jioni mbili. Naipendekeza kwa sababu mtu wa Nairobi anaweza kuikagua kwa miguu yake mwenyewe. Panda matatu ya 111 ya kwenda Ngong, ushuke mtaa wa Karen. Uko ndani ya hadithi.

Anza na kalenda. Chora mstari, juu yake weka tarehe za filamu na chini yake za maisha. Kwenye filamu Karen Blixen, Mdenmaki mwenye shamba la kahawa, anafika Nairobi kwa treni na kufunga ndoa na mchumba wake Bror hapa mjini siku hiyo hiyo. Katika maisha walioana Mombasa tarehe 14 Januari 1914, kabla hajaiona Nairobi. Kwenye filamu anakutana na Denys Finch Hatton, atakayekuwa mpenzi wake, safarini, treni inaposimama porini kupakia pembe za ndovu. Katika maisha walikutana mwaka 1918, akiwa ameshakaa nchini zaidi ya miaka minne. Kwenye filamu kuna nyumba moja. Katika maisha aliishi kwanza Mbagathi, akahamia nyumba inayojulikana leo mwaka 1917. Kiwanda cha kahawa kiliungua mwaka 1923, na shamba likaendelea kuhangaika hadi 1931. Filamu inavisogeza vitu hivyo viwili karibu hadi moto unaonekana ndio uliomfukuza.

Hayo yote, kwangu, ni orodha ya pili. Mwandishi amekunja miaka 17 iingie kwenye jioni mbili za mtazamaji. Lakini uyaandike, kwa sababu wapo wengi wanaoijua historia ya Karen kwa filamu hii pekee na kuapa kwayo.

Sauti ya Denys ni suala jingine. Denys wa kweli alikuwa mtoto wa lodi wa Uingereza, akasoma Eton na Oxford, na alikuwa na upara. Robert Redford, anayemwigiza, ana nywele tele na anaongea Kimarekani tangu mwanzo hadi mwisho. Hilo liliamuliwa, halikuponyoka. Mimi naona ni uamuzi mbaya, maana Meryl Streep, anayemwigiza Karen kando yake, amejitahidi na lafudhi ya Kidenmaki katika kila sentensi, na sikio linachoka kuwaweka wawili hao katika nchi moja.

Halafu fuata pesa na majina. Hadi mwaka 1920 hapa palikuwa himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki, na pesa zilikuwa rupia. Koloni ya Kenya ilianza 1920, na shilingi ya Afrika Mashariki ikaja 1921. Kwa filamu yoyote inayozungumzia siku hizo, wahusika wa mwaka 1914 wakilipana shilingi, umenasa.

Fuata milima. Ukiwa Karen, Ngong iko upande wa machweo. Jua haliwezi kuchomoza nyuma yake kwa mtu aliyesimama shambani. Kila unapoona ile migongo ya Ngong kwenye picha, jiulize mwanga unatoka wapi na wahusika wanasema ni saa ngapi.

Ukipanda ndege pamoja na Karen na Denys, usikilize muziki lakini ushike ramani. Filamu inaunganisha mabonde, nyanda na ziwa la heroe kana kwamba ni matembezi ya asubuhi moja. Andika kila mahali unapopatambua, kisha pima umbali kwa rula. Zoezi hili ni tamu sana kwa watu wa Nakuru na Narok, ambao hunitajia vilima kwa majina kabla sijasimamisha picha.

Kahawa ya Shosho

Hapa nataka kukaa kidogo. Shosho yangu, yaani nyanya, alichuma kahawa Kiambu tangu akiwa msichana, akilipwa kwa debe. Nilipomwonyesha filamu za mashamba ya zamani nilikuwa nimejiandaa kumwonyesha kosa nililolinasa kwenye moja wapo: mti wenye maua meupe, na kwenye tawi lile lile matunda yaliyoiva. Nilikuwa nimeandika uhakika 3. Nikasema, "Shosho, ona, wamechanganya misimu."

Akanitazama. "Nani amekwambia?"

Nikamweleza kwamba maua ni mwanzo na tunda ni mwisho.

"Hiyo ni kwa wenye mvua moja," akasema. "Sisi tuna mvua mbili. Masika inaleta maua yake, vuli inaleta yake. Mti mmoja unaubeba mwaka mzima mgongoni. Ndiyo maana tulichagua kwa vidole, nyekundu peke yake, ya kijani unaiacha."

Nilifuta alama yangu. Nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu tangu hapo: kwenye kila kosa la ukweli, mtafute mtu aliyefanya kazi hiyo kwa mikono. Treni, muulize mzee wa reli. Farasi, muulize anayefuga. Mtu aliyesoma atakupa kanuni, na aliyechuma atakupa mti wenyewe.

Jaribio la Shosho la kutambua mchumaji wa uongo ni hili: tazama vidole. Mchumaji wa kweli huzungusha tunda na kukiacha kikonyo mtini, mkono mwingine umeshika tawi. Anayevuta kwa kiganja na kuporomosha majani hajawahi kulipwa kwa debe.

Pa kwenda kuhakikisha

Makumbusho ya Karen Blixen, kwa nyumba na vifaa. Lakini shika hili: nyumba ile ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986, baada ya filamu kutoka, na filamu haikupigiwa humo. Walitumia ile ya kwanza, ya Mbagathi. Nimeona watu wazima wakisimama barazani na simu mkononi, wakilinganisha madirisha ya filamu na ya makumbusho na kupiga kelele kwamba kuna kosa. Wanalinganisha nyumba mbili.

Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni, kwa injini. Injini nyingi za mvuke zina kibao cha chuma ubavuni chenye jina la kiwanda na mwaka. Zile kubwa za Garratt za daraja la 59, ambazo wengi huzidhania kuwa ndizo treni za zamani kabisa, zilitengenezwa Manchester katikati ya miaka ya 1950. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Kati ya miaka hiyo miwili mna nafasi kubwa ya kukosea, kwa watengeneza filamu na kwako.

Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, kwa magazeti ya zamani. Nyaraka za Taifa, Barabara ya Moi, kwa ramani na barua za serikali. Nenda asubuhi, nenda na swali moja lililoandikwa, na usiondoke bila kunakili tarehe na ukurasa.

Na kama unapenda zaidi tamthilia zetu wenyewe zinazorudi nyuma, kanuni ni zile zile. Mstari wa manjano ubavuni mwa matatu ulianza 2004. Jumba la KICC lilikamilika 1973. M-Pesa ilianza Machi 2007. Juala la nailoni lilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hiyo soko la mwaka 2005 lisilo na juala hata moja linatia shaka kama lenye simu ya kioo. Noti mpya zilitoka 2019. Gari lenye namba ya KD haliwezi kuwepo kwenye kampeni za 2007. Nilishawahi kusimamisha upigaji kwa sababu ya noti ya mia mbili iliyokuwa mezani, na watu walinuna, ila tuliibadilisha.

Namna ya kuliandika

Sentensi mbili zinatosha. Ya kwanza inasema kinachoonekana, kwa muda na nakala. Ya pili inasema kwa nini haiwezekani. Usitaje jina la mtu wa kulaumiwa, hujui nani alisema nini pale kwenye seti. Kisha mpe mtu mwingine atafute bila kumwambia uliona nini. Mwambie tu, "Tazama kati ya dakika hii na hii." Akikosa mara mbili, shusha uhakika wako uwe 2. Mimi humpa dada yangu, ambaye hapendi filamu hata kidogo, na kwa sababu hiyo haoni aibu kuniambia haoni kitu.

Sasa orodha ya tatu. Tarehe 14 Mei 1931 ndege ndogo ya Denys Finch Hatton ilianguka na kuwaka Voi, muda mfupi baada ya kuruka. Ndani yake walikuwemo watu wawili: Denys, na mtumishi wake Mkikuyu. Wote wawili walikufa. Unapofika mwisho wa Out of Africa, habari inapoletwa nyumbani na baadaye kule mlimani Ngong kwenye kaburi, rudisha nyuma, washa sauti, na sikiliza kila neno. Kwenye safu ya "kabla ya mkato" andika 2. Kwenye safu ya "baada ya mkato" andika wangapi umewasikia wakitajwa.